Jozi Moja

Fimbo zilikuwa mbili tu, za alumini,
zawadi waliyompa posta siku aliyostaafu.
Otilia akashika ya kushoto, mimi ya kulia,
tukateremka kwenye treni ndogo ya Tatra
saa kumi na mbili unusu, ukungu ungali juu ya misonobari
kama paka aliyegoma kutoka kitandani.

Huku vibao havisemi kilomita.
Bati la njano, mshale, na muda:
saa nne kasorobo
hadi upenyo ulio kati ya vilele viwili.
"Saa nne za nani?" akauliza Otilia.
"Za kijana,
au za mtu aliyetembeza barua miaka thelathini na mmoja?"
Sikujibu. Tangu Jumanne nilikuwa sijibu mengi.
Tuligombana juu ya nyumba ya marehemu mama,
iuzwe, isiuzwe,
na ugomvi wenyewe tukaupakia pia,
kati ya chupa ya chai na soksi za akiba.

Njia ikapanda. Mizizi na mawe,
kisha mawe,
kisha mawe.
Kila tuliyepishana naye alitutakia siku njema,
maana mjini humwamkui hata jirani wa ghorofa yako
ila mlimani unamsalimu mtu
asiyebakiwa na pumzi ya kuitikia.
Nilihesabu salamu sitini na tatu.
Mimi na yeye, hata moja.

Penye maporomoko akatukuta mchukuzi,
mwanamke mwenye mvi, bendeji magoti yote mawili,
mgongoni fremu ya mbao imempita kichwa:
viazi, unga, pipa la bia, mtungi wa gesi,
kwa kuwa kibanda cha juu hakijui barabara.
Akapumzika wima, mzigo ameuegemeza mwambani.
"Huchoki?" Otilia akamwuliza.
"Nachoka, mama. Lakini huu una mwisho wake.
Nautua jikoni, wananipa supu."
Akaondoka kwa hatua fupi fupi
kama anayehesabu chenji.

Tulimtazama mpaka kona ikammeza.
"Vendelín," mke wangu akasema,
"wetu tutautua jiko gani?"

Kibandani supu ilikuwa ya kabichi chachu.
Nje, ziwa lilikuwa na barafu ukingoni, na Juni yaishia.
Akavua buti, akavua soksi,
nikaona juu ya kifundo kovu jembamba, jeupe.
"Hilo?"
"Mbwa wa mchinjaji. Mwaka wa themanini na tisa."
"Hukuwahi kuniambia."
"Hukuwahi kutazama chini."

Tulibakiza dakika arobaini, kwa saa za kile kibao,
wingu lilipogeuka rangi ya risasi
na mlima ukakohoa, mara moja, nyuma ya mlima.
Mbuzi-mwitu mmoja alituangalia kutoka juu
bila huruma wala dharau.
Nikasema twende tu, tumekaribia.
Goti langu likasema vingine.
Basi upenyo hatukuuona.
Sijui upande wa pili kuna nini.
Pengine mawe.

Kwenye mteremko akanipa fimbo yake,
nikawa na jozi kamili kwa mara ya kwanza siku ile,
naye akatangulia hatua moja mbele
ili bega lake liwe la tatu.
Mvua ikatupiga, ikachoka, ikaacha.

Ilipoanza tena misonobari nikamwambia mgongo wake:
"Tuiuze."
Akasimama. "Tusiiuze. Ule mplamu ndiyo kwanza umezaa."
"Paa linavuja, ulisema mwenyewe."
"Paa hutengenezwa, ulisema wewe."
Tukaendelea hivyo hadi stesheni,
kila mmoja akitetea maneno ya mwenzake,
kwa sauti, matope magotini,
watu wakitupisha.

Treni ikaja. Ikafungua milango,
ikangoja kidogo, ikaifunga.
Ya mwisho ni saa tatu usiku.
Bado tulikuwa kwenye paa.