Subirini Giza

Nkwimba aliniita Kirumba, Mwaloni,
saa moja asubuhi, jua halijakausha chochote.
Akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae:
"Wewe ndiye fundi wa kuuza bila kupiga kelele?"

Nikasema ndiye.
Nikatoa simu, taa ya duara, kitambaa cheupe,
nikawapanga dagaa kwenye sahani kama maharusi.
Akacheka. "Hawa mbona hawana mchanga?
Piga na wale wa chini.
Andika: hawa wa kichanja, hawa wa mchangani,
na bei zao mbili, juu kabisa, watu waone."

Mama, nikamwambia, siku hizi bei haitajwi.
Tunaandika *bei njoo inboksi*.
Mteja akija huko, ndipo tunamshika.

Akanitazama kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.
"Dagaa nawaanika, bei niifiche?"

Basi tukaanika vyote.

Nikalipia elfu ishirini mtandao ulisukume tangazo.
Nikachagua wanawake, miaka ishirini na tano hadi hamsini,
Dodoma, Tunduma, Lubumbashi,
wanaopenda mapishi.
Mtambo ukauliza lengo letu:
kufahamika, kupata ujumbe, au mauzo?
Nkwimba akachungulia begani kwangu.
"Ada ya Lushinge, muhula wa pili. Hiyo haipo?"

Mtambo ukashauri: weka kitu kila siku, saa moja jioni.
Ukinyamaza siku tatu, wanakusahau.
Nami nikatii, sikutazama juu.
Nimekulia Nyakato, nyuma ya viwanda;
mwezi kwetu ni taa ambayo mtu kasahau kuizima.

Tangazo likashika moto usiku wa kumi na nne.
Simu ikatetemeka juu ya gunia tupu.
Watu elfu tisa na mia nne.
*Kilo tano Tunduma.*
*Mnafika Lubumbashi?*
*Ni wa Mwanza kweli, au wa picha?*

Na mitumbwi yote imelala kwa tumbo mchangani,
taa za sola zimefunikwa kwa viroba,
wavuvi wanashona nyavu, wanacheza bao, wanadaiwa.
Mbalamwezi imemwagika ziwa zima.
Dagaa haifuati taa ya mtu usiku kama huo.
Kwa nini aifuate,
na juu kuna nyingine isiyolipiwa?

Hapo nikasema neno ambalo bado linanikereketa:
"Stoo kuna wa mwezi uliopita. Changanya.
Nani atajua?"

Hakunijibu.
Alichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja,
kidole chenye magamba, herufi baada ya herufi,
saa nne asubuhi, saa ambayo mtambo umeikataza,
bila picha, bila alama ya reli:

*Mwezi mpevu. Dagaa hamna.*
*Ukiuziwa leo ujue ni wa zamani.*
*Mimi nipo. Subirini giza.*

Tunduma akaondoka.
Lubumbashi akasoma, hakujibu tena.
Mtu mmoja akatukana, sijui kwa nini.
Halafu mama ntilie wa Kibaigwa akauliza:
*Giza linaanza lini?*
Nkwimba akahesabu kwa vifundo vya vidole.
*Jumanne. Mvua ikikataa, Alhamisi.*
Na wengine wakaanza kuuliza hivyo hivyo,
watu wa mijini, wenye umeme,
wakitaka kujua habari za mwezi.

Jumapili mtambo ukaniletea ripoti:
umeshuka asilimia sitini.
Lipia tena, ukanishauri, kwa upole wa mganga.
Nikaifunga.

Alhamisi, saa kumi alfajiri, simu ikalia.
Nyuma yake nilisikia ndoo, matusi, maji,
na watu wakipatana bei kwa sauti ya juu.

"Amka. Wamevuliwa," akasema.
"Njoo na ile taa yako ya duara.
Na wa mchangani usiwaruke."