Arobaini na Saba

Lutonja hakuwahi kuua hata kenge.
Kuku wa sikukuu tulimwita jirani amchinje.
Lakini kwa miaka ishirini na sita,
katika nyumba yetu ya Igogo, juu ya mawe,
mume wangu alikusanya bastola moja.

Moja, na kwa vipande.
Wakusanyaji wa kweli, alisema, wana makabati ya vioo,
wana bastola kumi za zama zile, wana bima.
Yeye alikuwa na kopo la maziwa ya unga
na mshahara wa karakana ya meli.

Alinifundisha nisichomwomba:
kwamba karne ile ilipokuwa ikichwea,
reli haijaota hata kufika huku,
fundi mmoja wa Ulaya alijiuliza
mbona teke la bunduki linapotea bure.
Akalikamata teke, akalirudisha kazini:
litupe ganda, lipandishe risasi nyingine,
mkono wa mtu ubaki na kuvuta tu.
"Sikia akili hiyo, Nkwimba!"
Nilikuwa nasonga ugali.
Nikauwaza mkono unaobaki na kuvuta tu.

Mtutu aliukuta Musoma, umepigiliwa ukutani,
watu wameufungia kamba ya kuanikia nguo.
Goti (aliliita goti, kile chuma cha juu
kinachojikunja kama mtu anayechuchumaa)
lilishuka na meli ya Bukoba, katikati ya ndizi.
Springi, iliyojiviringa kama ya saa,
aliibadilisha kwa baiskeli.
Baiskeli yangu.

Kila kipande alikisugua kwa mafuta ya taa,
akainama na kioo cha kukuzia, akitafuta namba:
arobaini na saba.
Kikisoma hamsini na moja alikirudisha,
hata kama kimeingia bila kulazimishwa.
"Kinaenea, lakini si ndugu yao."
Ndugu zake wa Magu walikuja bila namba
na wote tuliwapikia.

Polisi walifika mara mbili.
Koplo mmoja, kijana, alimimina kopo mezani,
akacheka, akaandika: vyuma chakavu.
Siku hiyo Lutonja hakula.

Ilibaki pini. Ile inayogonga risasi kisogoni.
Aliandika barua Kisumu, Entebe, Tabora.
"Mwiba tu, Nkwimba.
Nyuki bila mwiba, inzi."

Sasa niseme.
Mwaka wa tatu kitako kilikuja kutoka Ukerewe
kimefungwa kwa kipande cha kanga.
Yeye alichukua kitako, akakimbilia dirishani kwenye mwanga.
Mimi nilichukua kanga, nikaitia kwenye beseni.
Kitu kikagonga bati.
Macho yangu siku hizo hayakuhitaji kioo:
nne, saba.

Msiseme niliwaza amani.
Msiseme niliwaza Wajerumani na Waingereza
na vijana wetu waliobebeshwa mizigo yao.
Nilikuwa na mimba ya Sayi, miguu imevimba,
na mlango wa kabati ulikuwa unaning'inia,
bawaba ya chini imepoteza pini yake.
Nikaijaribu. Ikaingia.
Nikasema nitamwambia jioni.

Jioni alifungua kabati, akatoa kopo.
Kesho yake alifungua kabati, akatoa kopo.
Miaka ishirini na tatu alifungua kabati.
Mara moja mlango ulilia, akaleta mafuta ya mashine,
akaidondoshea bawaba matone mawili,
akapangusa kwa kidole,
akarudi kuandika barua ya Tabora.

Amekwisha kuzikwa. Magugu maji yamejaa tena
pale chini kwenye karakana.
Jana alikuja mtu wa Dar na kibali chake, na glavu.
Alipanga vipande juu ya kitambaa, akahema.
"Namba zote zinafanana! Na pini?"
Haipo, nikasema.
Akakata bei nusu.

Nilipoinuka kurudisha kopo tupu,
mlango ulifunguka bila sauti.
Akaugusa ubao. Mninga, akasema, wa zamani.
Na kabati je, mama?

Kunywa chai, baba.
Kabati haliuzwi.