Waraka wa Kabla ya Idi

Famau mdogo wangu,
soma waraka wa kwangu,
usiutie uchungu
hata ufike mwishoni.

Zimebaki siku tisa,
na nasikia Mombasa
mnayamwaga mapesa
sokoni Marikitini.

Zuhura kanipigia,
kwa furaha kanambia
chupa mmenitilia
ya chai mle kapuni.

Chupa! Mbona nina kumi,
na mbili hazisimami,
na mnywaji ndiye mimi,
kikombe tu cha jioni.

Wavikumbuka vidaka,
bibi alivyovipaka
kwa chokaa kila mwaka,
vyeupe kama sahani?

Vyenye vitu ni vitatu:
bakuli la mama yetu,
msahafu wa babetu,
na mrashi wa zamani.

Vingine vikaachiwa
vitupu, vikatuliwa
na jua, mfano njiwa,
likishashuka uani.

Leo mna saa sita
zenye kelele za vita,
na fremu nilizopata
zina watoto wageni.

Sijui walikotoka,
kila kukicha wacheka,
hata nimewabandika
majina ya majirani.

Mwaka jana, Idi pili,
nalimwita Bwana Lali
na punda wake Tufali,
tukapakia dakani.

Sinia, mito, pazia,
birika linalolia;
punda kaniangalia
kama mwenye swali: nini?

Nikagawa moja moja,
nikarudi na faraja.
Idi Kubwa nayo yaja:
hodi, hodi, mlangoni.

Ni Mwanaate, kabeba
chupa ndani ya mkoba;
kuigeuza, msiba:
alama yangu i chini!

Nikasema, "Yapendeza!"
naye akaitukuza;
uongo tukauuza
na kahawa mkononi.

Hilo la kucheka, sawa.
Lipo ninalolemewa,
wewe hukuelezewa
siku ya makaburini.

Somoe, Mola amweke
pema kwa rehema zake,
na homa mwilini mwake
kanijia barazani.

Bata wake wa kioo,
mbaya, tumbo kama ndoo,
rangi ya dawa ya choo,
kamtua mapajani.

Mwezi haupiti, basi,
nami kwenye karatasi
nikamtoa arusi
ya watu Kizingitini.

Mfungo Sita akafa.
Bata akapanda sifa:
na domo lake, na nyufa,
haviondoki machoni.

Nikavuka, nauliza.
Bibi arusi kawaza:
"Bata? Tulimpoteza,
au yupo kwa fulani."

Kwa hiyo kidaka chake
hata taa nisiweke;
kiko na wake upweke,
cha kushoto, ukumbini.

Basi nakuomba, ndugu,
usinitwike vurugu;
vyombo hivi ni magugu,
yaota hata ngazini.

Njoo mikono mitupu,
uje huna hata kapu,
tupake chokaa chapu
vidakani na darini.

Na kama waona haya
kuja hivi, ndugu, haya:
halwa ya moto si mbaya,
iishie matumboni.

Chupa ile usitupe,
dereva wa basi mpe,
usingizi umkwepe
hadi mje Mokoweni.

Ila ukipita duka
la vyombo vilivyochoka,
bata mbaya kajiweka
na tumbo lake, rafuni,

huyo tu. Usiulize
bei; na wasipunguze.
Lesoni umtulize,
umrudishe nyumbani.

Dadako Mwanamkuu,
Mkomani, Lamu