Pangaboi

Saa tisa usiku, barabara ya kumi na tatu, Ngamiani.
Pangaboi liko namba tano, na halina namba ya sita.
Nimevua kila kinachovulika
na bado kuna mtu ndani yangu anapuliza mkaa.

Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni,
linanishika masikio kama mwalimu wa zamani.
Dakika nne. Kisha linaondoka,
naachwa nimelowa, natetemeka,
naivuta tena kanga niliyoitupa.
Waja leo waondoka leo, huwa tunawaambia wageni wa Tanga.
Sikujua kama joto nalo lilikuwa linasikiliza.

Na damu imeiga tabia hiyohiyo.
Miezi mitatu kimya. Nikavigeuza madekio vitambaa vyangu.
Ikarudi Ijumaa, nimeketi kwa Mwanamvua,
juu ya kochi jeupe la harusi ya binti yake.
Sikunyanyuka hadi mgeni wa mwisho alipovaa viatu.
Mwanamvua akaenda uani, akarudi na ndoo.
Hakusema neno.

Nilipovunja ungo waliniweka ndani, wakanisinga liwa,
somo yangu akanifunza kukaa, kufua, kuficha.
Ngoma ya kuingia nilichezewa hadi alfajiri.
Ya kutoka haina mpigaji.
Nilimuuliza mama, mwaka ule kabla hajafa:
wewe ilikuwaje?
"Ilikatika," akasema,
kama anayezungumzia umeme.

Juzi nilimpima mteja kiuno,
nikageukia daftari, namba imeshatoroka.
Nikampima tena, ikatoroka tena.
Mara ya tatu akaitaja mwenyewe, kwa upole ulionichoma.
Na jana kifungo, kifungo tu cha sare ya shule,
kilibingirika chini ya kabati,
nikakaa sakafuni nikalia kama niliyefiwa.
Hadia, ninayemfundisha cherehani, akazima redio.

Bombo, daktari, rika la kitinda mimba wangu,
alisema si ugonjwa, mama, ni mwili unabadilika,
punguza kahawa.
Kahawa nimepunguza.
Hasira nimeiacha ilivyo:
ilipanga foleni miaka yote niliyokuwa nikisema "haidhuru."

Nageukia upande wa pili wa kitanda.
Mbwana amelala na sweta.
Sweta la sufu, la Lushoto, zipu hadi kidevuni,
soksi miguuni,
hapa Tanga, mwezi wa pili.
Hajawahi kuniomba nipunguze.
Hatujalizungumza hata siku moja;
mimi mwenyewe sina jina lake linalotamkika mezani.

Naamka, nalishusha pangaboi hadi namba tatu.
Anafungua jicho moja.
"Rudisha," anasema.
"Nilikuwa nimeshafika Lushoto."