Themanini na Sita

Themanini na sita, gawa kwa kiwango cha sukari.
Hiyo ndiyo kanuni yote. Baba aliichora kwa mkaa
juu ya mlango wa banda la kuchemshia,
hapa Beauce, ambako Machi ni barafu usiku, tope mchana.

Chelezo cha kioo kikisoma mbili,
jibu ni arobaini na tatu:
ndoo arobaini na tatu za utomvu
kwa ndoo moja ya shira.
Zilizobaki ni mvuke, tunaulipia kwa jasho.

"Na kuni je?" niliuliza, nina miaka tisa.
"Kuni hazimo kwenye kanuni," alisema Rosaire, baba yangu.
"Kuni zimo mgongoni."

Akanifundisha na tone.
Matone ishirini, mililita moja.
Shika saa, hesabu dakika nzima, usikisie.
Mti ulio karibu na uzio: matone sitini,
mililita tatu kwa dakika,
kwa saa nzima kikombe hakijai.

Februari, hospitalini Lévis,
walimtundikia mfuko: mililita mia tano, saa nne.
Mia tano mara ishirini,
gawa kwa dakika mia mbili na arobaini.
Arobaini na mbili, kasoro kidogo.
Nikavua saa mkononi.

"Ngapi?" Macho kayafumba.
"Hamsini na nane."
"Mti huo unakimbia. Mwite mtu."

Nesi Ghislaine alikuja, wala hakununa.
Akasukuma kigurudumu kwa kidole gumba,
tukahesabu sote watatu, midomo ikicheza kimya,
tukaanza upya, maana baba alikohoa kwenye thelathini.
Arobaini na mbili.
"Sasa," akasema, akalala.

Mwaka huu utomvu ni mwepesi.
Chelezo kinasoma moja nukta sita.
Hamsini na tatu na robo tatu.

Baba hakuvumilia vipande.
Angejaza hamsini na nne,
na ile robo ya ndoo iliyozidi
tungeinywa baridi, tukipokezana kata,
yeye kwanza, akifuta masharubu kwa glavu.

Nimejaza hamsini na nne.
Sufuria zinanguruma, mkaa juu ya mlango
umefifia, sita inafanana na sifuri.
Robo ipo pale kwenye benchi, kata imo ndani.
Tangu alfajiri
imeanza kushika ngozi ya barafu.