Mjozi wa Bi Leokadia

Shina ni lake, kivuli ni chetu.
Ndivyo tulivyokubaliana bila karatasi
tuliponunua nyumba hii nje kidogo ya Zamość.
Na jozi zitakazoanguka upande wenu wa uzio
ni zenu, alisema, hata zenye funza.
Kuhusu kunguru hakusema kitu.

Walikuja Machi, theluji ingali nyuma ya banda,
weusi kama masizi, midomo imepauka
kana kwamba wameichovya kwenye chokaa.
Nikahesabu jozi kumi na moja
juu ya mti usiokuwa na jozi hata moja.

Kufikia Aprili bustani haikuwa bustani.
Meza ya mbao, kiti cha mavyaa, matuta ya figili,
kofia ya Jagna, Jagna mwenyewe:
chokaa, chokaa, chokaa.
Na kelele! Saa kumi alfajiri
wanagombana kama warithi mbele ya wosia.

Seweryn wangu ni fundi wa lifti,
haamini kitu kisicho na skrubu.
Alianza na sufuria na mwiko.
Wakamsikiliza hadi mwisho.
Akatundika sidii za harusi yetu,
zikametameta, zikapendeza.
Akaleta bundi wa plastiki, macho ya manjano,
bei ya kuku wanne.
Siku ya tatu kunguru mmoja alitua kichwani pa bundi,
akajinyoosha bawa, akafanya kilichomleta.

Kunguru hafugiki, nikamwambia.
Simfugi, namfukuza.
Hafukuziki pia, akasema mavyaa chini ya mwavuli,
akinywa supu yake ya bitiruti,
jicho moja kwenye kijiko, jingine juu.

Kisha gauni la komunio ya kwanza ya Jagna.
Jeupe. Dakika kumi tu kambani.
Seweryn hakupaza sauti. Aliingia bandani
akatoka na ngazi na msumeno.

Sheria aijua: kiota chenye mayai hakiguswi
mpaka Oktoba ifike katikati. Nilimkumbusha.
Bi Leokadia, ng'ambo ya uzio,
mikono ndani ya aproni, hakumkumbusha kitu.
Alimtazama akipanda
kama mtu atazamaye maziwa jikoni.

Vipandio kumi na vinne. Kunguru wakalipuka,
mchana ukawa na matundu.
Nikaona mkono wa msumeno ukikifikia kiota cha chini.
Nikauona umesimama.
Kwa muda mrefu, buti mbili tu
kati ya majani machanga.

Mayai matano, alisema aliposhuka.
Ya kijani, kama yamerushiwa kahawa.
Halafu akafungua kiganja:
kishungi cha manyoya, rangi ya asali.

Bursztyn.

Februari, mbwa wetu akiishaisha,
nilikuwa nikimchana kizingitini
kwa kuwa ndicho kitu pekee kisichomuuma,
na manyoya nikiyaachia upepo.
Sikuuliza yanakwenda wapi.

Rudisha, akasema mavyaa.
Akapanda tena, msumeno ameuacha kwenye nyasi.

Sasa tuna turubai la bluu juu ya meza.
Sabuni tunanunua kwa katoni.
Nguo tunaanika upande wa barabara,
wapita njia wazisome soksi zetu.
Jagna alikwenda kanisani na doa,
akalifunika kwa kitabu cha sala.
Sikuwapenda, nisidanganye:
mwezi wa sita kinda alianguka kwenye kabichi
nami nilimwinua kwa koleo, uso nimeugeuza.

Oktoba Seweryn atakata tawi moja, lile la juu ya kamba.
Bi Leokadia ameridhia, mradi kuni ziwe zake.
Jioni anakaa mlangoni na tupa, ananoa,
na midomo yake inahesabu viota
kutoka juu kushuka,
moja, mbili, tano, kumi,
haifiki kumi na moja.