Mgunga wa Tabata

Mbegu saba, fundo la kanga ya mama mkwe, kutoka Mpwapwa.
Nilizisugua kwa msasa, moja moja,
nikazilaza katika maji ya moto
hadi yalipopoa, alfajiri.
Ikaota moja.

Nikaipa dumu la mafuta lililokatwa shingo,
mchanga mwingi, kokoto, matundu ya msumari chini.
Lakini jirani yangu Mwamvua ana huruma ya ndoo:
kila bomba likitoka, mti wangu unaogeshwa.
"Mtoto gani huyu haombi maji?"
Majani yakawa manjano. Hakuyasoma.

Masika yalipofika nikaubeba barazani kama mgonjwa,
nikaukinga kwa mwavuli uliovunjika mbavu.
Mtaa mzima ulicheka.
Mti, unakimbizwa mvua!

Januari. Wiki ya tatu bomba linakohoa hewa.
Mchicha wa Mwamvua umelala chali.
Akaja na ndoo tupu, akachuchumaa,
akahesabu vijani vipya, vidogo
kama kucha za kichanga.
Akagusa mwiba. Akanyonya kidole.
"Kumbe," akasema, "alikuwa ananikataza."

Ijumaa maji yakatoka usiku.
Nilisikia kandambili zake, ndoo ikimwagikamwagika,
zikafika penye dumu,
zikapita.